Koti Hushonwa Mara Mbili

Mwambao wa Ziwa Tanganyika hausifiki kwa baridi, na mgeni anayeshuka kwenye treni stesheni ya Kigoma huku akijifuta jasho anaweza kushangaa kusikia kwamba huko koti lina shughuli nyingi. Lakini koti lina watu wake. Wavuvi wa dagaa hukesha majini, na upepo wa ziwa usiku wa manane haumwonei mtu huruma. Msafiri anayepanda kwenda Kasulu huliacha joto la ziwani nyuma yake. Ujiji, mwanamume aliyevaa kanzu kwa ajili ya nikahi huona vazi halijatimia mpaka atupie koti juu. Kuna bwana harusi na wapambe wake, kuna kwaya na sare zake, na kuna wanawake ambao siku hizi wanataka koti la kitenge la kuvaa juu ya gauni. Hata hivyo, katika kata kama Rusimbi, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, cherehani ya nyumbani itashona dera, sare ya shule na pazia bila wasiwasi, lakini koti litapelekwa kwa fundi wa sokoni. Mshonaji wa nyumbani hashindwi na mshono. Anachokiogopa ni mkasi. Hofu hiyo ina msingi, na kumwambia mtu ajipe moyo hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kulishona koti mara mbili: kwanza kwa kitambaa cha bei ya chini ambacho hakuna atakayekivaa mtaani, kisha kwa kitambaa chenyewe.

Hilo la kwanza tuliite koti la majaribio. Si koti kamili, na anayelishona kana kwamba ni kamili anapoteza muda wake. Halina bitana, halina mifuko, halina vifungo wala kitambaa cha kukaza kola. Lina mwili, mikono na kola ya tabaka moja. Kitambaa chake hufuliwa na kupigwa pasi kwanza, ili kama ni kusinyaa kisinyae kabla ya kukatwa. Kila kipande hukatwa kwa kufuata uzi wa wima wa kitambaa, kama kitakavyokatwa kile cha kweli. Mstari wa kifua, wa kiuno na wa nyonga huchorwa kwa kalamu kutoka ubavu hadi ubavu, na mahali pa mifuko na vifungo huwekewa alama tu. Ubavuni na begani huachwa akiba ya sentimita 3 hivi nje ya mshono. Mishono hupigwa kwa hatua ndefu kuliko zote ambazo cherehani inaweza, ili wembe uifumue bila kukichana kitambaa. Kisha mtu hulivaa juu ya nguo ileile itakayokuwa ndani ya koti, iwe kanzu, shati au gauni, na kama koti litakuwa na sponji za mabega, sponji nazo huwekwa mahali pake. Mtu wa pili lazima awepo. Mvaaji hawezi kuuona mgongo wake, na akijipinda kujitazama kwenye kioo, kila mkunjo aliotaka kuuchunguza unabadilika.

Kwa nini koti lidai haya yote wakati gauni la kawaida halidai? Sababu ya kwanza ni hesabu. Mwili wa koti lenye vipande vya ubavuni una mishono 5 ya wima: mmoja katikati ya mgongo na miwili kila upande. Mishono 5 ina kingo 10. Mchoro au mkasi ukikosea kwa nusu sentimita tu katika kila ukingo, kosa ambalo jicho halilioni mezani, koti limepungua au limeongezeka kwa sentimita 5 mzunguko mzima. Koti huhitaji kuzidi kipimo cha kifua kwa sentimita 10 hivi ili mtu apumue na shati likae ndani. Kwa hiyo kosa lisiloonekana limekula nusu ya nafasi hiyo. Sababu ya pili ni kwamba vipande vya koti vinategemeana. Bega likibadilika, shimo la mkono limebadilika. Shimo likibadilika, mkono wenyewe haulingani nalo tena. Shingo ikipanuka, kola imekuwa fupi. Kwenye dera, kosa hubaki mahali lilipotokea. Kwenye koti husafiri, na likigunduliwa wakati bitana imeshafungwa na kola imeshageuzwa, kulirekebisha ni kufumua kazi ya siku kadhaa. Sababu ya tatu inajulikana na kila mtu aliyewahi kushika mkasi: kitambaa hupunguzwa, hakiongezwi.

Tuchukue tatizo moja tulitazame kwa karibu, kwa kuwa ndilo linaloonyesha vizuri kuliko mengine yote kazi ya koti la majaribio. Mtu anavaa koti jipya, ananyanyua mkono apungie au ashike bomba la daladala, na koti zima linapanda mpaka kola inagusa masikio. Atasema linabana kwapani. Dawa inayokuja upesi ni kuchukua mkasi na kuliteremsha shimo la mkono. Anavaa tena, na koti limezidi kugoma. Kinachotokea ni hiki: mkono wa koti umeungana na mwili pale kwapani, na kadiri muungano ulivyo chini, ndivyo mkono ukinyanyuliwa unavyouvuta ubavu mzima pamoja nao. Shimo likiwa juu, karibu na kwapa lenyewe, na mkono wa koti ukikatwa kulingana nalo, mtu hunyanyua mkono wake na mwili wa koti hubaki ulipo. Yaani dawa sahihi ni kinyume cha ile ambayo akili inaileta kwanza. Kwenye koti la majaribio jambo hili huthibitishwa kwa dakika chache: kipande cha kitambaa hubanwa kwa pini chini ya kwapa, shimo hupanda sentimita 2, mkono hurekebishwa, mvaaji ananyanyua tena. Kwenye koti la kweli nafasi hiyo haipo. Kitambaa kilichoondolewa kwapani hakirudi, na kiraka pale kila mtu atakiona siku ya harusi. La kuvunda halina ubani.

Mambo mengine nayo hujitokeza kwa mtu anayejua kutazama. Mistari ile ya kalamu inapaswa kukaa mlalo. Mstari wa kifua ukipanda mbele, urefu wa mbele hautoshi, na hapo kubana zaidi ubavuni hakutasaidia. Mkunjo wa mlalo unaojikusanya mgongoni chini ya kola unaeleza kwamba mabega ya mvaaji yamenyooka kuliko mchoro ulivyodhani. Mikunjo ya mshazari inayoanza shingoni kuelekea kwapani inaeleza kinyume, kwamba mabega yameteremka. Watu wengi wana bega moja lililo chini kidogo ya jingine, na vipimo vya futi kamba haviwezi kulifichua hilo, kwa sababu fundi hupima bega moja na kuamini la pili linafanana nalo. Mkono wa koti ndio mgumu kuliko vyote. Cristóbal Balenciaga, mbunifu Mhispania aliyefanya kazi Paris kwa miongo mitatu na kuheshimiwa na wenzake kwa ustadi wa kushona, alijulikana kwa kufumua mikono ya makoti na kuipachika upya mpaka aridhike. Kama mtu wa daraja lile hakuuamini mkono kwa mara ya kwanza, mwanafunzi wa cherehani ya nyumbani hana sababu ya kuona aibu.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni la gharama: kuharibu kitambaa kizima kwa nguo isiyovaliwa ni ufujaji. Ujiji hasa, heshima hii kwa kitambaa ina historia ndefu. Katika karne ya 19 kitambaa kilikuwa fedha pale. Merikani, pamba ya kawaida isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar kwa merikebu za Salem, ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kutoka pwani kupitia Tabora hadi ziwani. Ilihesabiwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Kwa kitambaa hicho misafara ililipa hongo njiani, ikanunua chakula, pembe za ndovu na hata watu waliotiwa utumwani. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, vitambaa vilikuwa sehemu kubwa ya mizigo yao kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mfuko wao wa pesa. Katika dunia hiyo, kukata merikani ili kujaribu koti kungekuwa sawa na kuchana noti. Bei imegeuka tangu hapo. Pamba ya kawaida isiyo na rangi wala maua, mali ya wakati ule, leo iko chini kabisa katika orodha ya bei dukani, na kitambaa cha suti au kitenge kizuri kiko juu. Mazoea ya kuhurumia kitambaa chochote yamebaki, ila yamehurumia kisichostahili: tunaokoa kile rahisi na kukiweka kile ghali chini ya mkasi bila kinga.

Tena si lazima kununua hata hicho rahisi. Shuka kuukuu la kitandani linatosha kwa koti fupi, na marundo ya mitumba huwa na mashuka na mapazia ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kitambaa cha koti. Wapo watakaosita kujaribisha mwilini kitambaa cheupe kitupu, kwa kuwa bafta nyeupe inawakumbusha sanda. Hao wachague shuka la rangi au la mistari, na mistari itawasaidia kuona kama kipande kimekaa wima. Muda nao usitiwe chumvi. Kwa kuwa hakuna bitana, mifuko wala kola ya kukaza, koti la majaribio ni kazi ya nusu siku kwa mtu aliyezoea cherehani. Nusu siku hiyo huanza kujilipa mapema, maana mikono ya mshonaji imeshapita njia nzima mara moja, na mahali alipokwama, pengine kwenye kupachika mkono au kuunganisha kola na shingo, anapajua kabla hajafika tena.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mafundi wa sokoni, Mwanga au Ujiji, hawashoni koti la majaribio. Wanapima, wanachora kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, wanakata, na koti linatoka. Ni kweli, na ni kweli hata kwenye mtaa wa Savile Row jijini London, unaotajwa duniani kote kwa suti za kiume: fundi wa pale hukata kitambaa cha mteja moja kwa moja. Lakini tazama anachofanya baada ya kukata. Anapiga bandi kwa uzi mweupe, vipande vyote vinashikizwa kwa mkono tu, mteja anajaribishwa, kisha koti linafumuliwa lote, linalazwa mezani na kuchorwa upya. Ndani ya mishono ameacha akiba ya kitambaa kwa ajili ya siku hiyo. Kwa maneno mengine, naye analishona koti mara mbili. Tofauti ni kwamba anatumia kitambaa kilekile, na anathubutu kwa sababu ameshakata makoti mengi na anajua akiba iachwe wapi. Nyumba za mitindo za Paris, zinazoshona nguo za kike za maumbo yasiyozoeleka, hazithubutu. Hujaribu kwanza kwa pamba ya kawaida. Fundi wa Ujiji aliyeshona kanzu na makoti maisha yake yote anasimama upande wa London. Anayeshona koti la kwanza nyumbani kwake Rusimbi anasimama upande wa Paris, kwa kuwa kwake yeye kila koti ni umbo lisilozoeleka. Kumwiga fundi katika kasi ya mkasi bila kuwa na uzoefu wake ni kuchukua sehemu ya ufundi inayoonekana na kuiacha inayoibeba. Na wateja waliowahi kuchukua nguo mkesha wa Idi wanajua kwamba hata uzoefu, ukiharakishwa, hauzuii bega kukaa upande.

Wengine husema kitambaa cha majaribio hakiwezi kutoa ushahidi wa kuaminika, kwa kuwa shuka jepesi halianguki mwilini kama sufu nzito. Hapa wana hoja, na inafaa kuikubali kwa kiasi chake. Koti la majaribio linaeleza vipimo, mizani na mahali pa mishono. Halielezi sana mwanguko. Kwa koti zito, atafutwe mwenzake kwa uzito: pazia nene, au blanketi jembamba lililochoka. Mkono unahitaji uangalifu wa pekee. Kichwa cha mkono wa koti hukatwa kirefu kuliko shimo lake ili ule urefu wa ziada ujazwe kwa kuvutwa kidogokidogo; sufu hukubali kusinyazwa kwa mvuke wa pasi na kumeza ziada ya sentimita 3 au zaidi, lakini pamba haikubali, na ziada hiyohiyo itaacha vikunjo begani. Ila kwa Kigoma pingamizi hili linageuka kuwa faida. Makoti mengi ya kike na sare nyingi za hapa hushonwa kwa kitenge, na kitenge ni pamba. Shuka la pamba na kitenge hufanana tabia vya kutosha hata jibu la jaribio likawa karibu sana na ukweli. Tena kuna jambo la ziada. Vitenge vyenye maua makubwa huaibisha mshonaji asiyepanga: ua zima linaweza kuangukia nyonga moja, au ndege akakatwa kichwa na mshono wa mgongo. Koti la majaribio likishafumuliwa, vipande vyake hulazwa juu ya kitenge na kusogezwa huku na huku mpaka ua likae katikati ya mgongo na pande mbili za kifua zilingane. Hapo ndipo chaki ishuke.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni ya mtu wa sokoni: koti la mtumba lipo, tena la sufu safi, na linagharimu kidogo kuliko kitambaa. Litaendelea kuwepo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za biashara za AGOA, mpango wake kwa nchi za Afrika, Tanzania na Uganda zikalegeza, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kwa hiyo mshonaji wa nyumbani atashindana na mtumba kwa muda mrefu, na kwa mvuvi anayetaka tu kujikinga na upepo, mtumba umeshashinda. Lakini koti lile lilikatwa kwa mabega ya mtu mwingine, mara nyingi mwenye mikono mirefu, na hakuna mtumba wa kitenge cha sare ya harusi. Thamani kubwa ya koti la mtumba kwa mshonaji ni kuwa mwalimu: likifumuliwa kwa wembe, linaonyesha jinsi kola ilivyofichwa na bitana ilivyoachiwa nafasi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakavilaza vipande vyake juu ya kitambaa kipya na kukata. Hapo wanajidanganya. Kifua na kola ya koti la sufu vimefinyangwa kwa mvuke na pasi na kukazwa kwa kanvasi. Vikifumuliwa havilali tena kama vilivyokuwa siku ya kukatwa. Mchoro unaopatikana hivyo ni mwanzo mzuri wa koti la majaribio, hauwezi kuchukua nafasi yake.

Si kila nguo inastahili shughuli hii, na anayeidai kwa kila nguo ataipoteza heshima yake. Dera, sketi ya mpira kiunoni na shati la kulegea havihitaji; mwili una nafasi ya kutosha ndani yake. Wala si kila koti la mtu yuleyule linahitaji jaribio jipya, kwa kuwa kinachobaki baada ya jaribio ni pateni. Vipande vilivyosahihishwa hufumuliwa, hupigwa pasi, huhamishiwa kwenye karatasi ngumu, na kuandikwa jina, tarehe na vipimo. Pateni hiyo itakata koti la pili na la tatu, na mvaaji akinenepa, ni ubavu tu utakaoguswa.

Faida hiyo inaonekana wazi zaidi pale koti linaposhonwa kwa wengi. Tuseme kwaya ya watu 30 inataka makoti mafupi ya kitenge. Pisi ya yadi 6 hutoa makoti mawili kwa kubanabana, kwa hiyo zinahitajika pisi 15. Pateni ikiwa na shimo la mkono lililoteremka, kosa halitatokea mara moja. Litatokea mara 30, na kwaya nzima haitaweza kunyanyua mikono kwa pamoja. Makoti matatu ya majaribio, moja la saizi ndogo, moja la kati na moja la kubwa, yakivaliwa na wanakwaya wachache wa kila saizi, yanalifichua kosa hilo wakati pisi 15 bado zimekunjwa. Kamati za sare hujadili kwa saa nyingi rangi ya kitenge na ada ya fundi. Zikiongeza kwenye bajeti mashuka matatu ya mtumba, na zikakataa kitenge kikatwe kabla mtu hajanyanyua mkono ndani ya shuka hilo, zitakuwa zimenunua kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho kitakachoamua kama vingine vyote vilikuwa na thamani.